Cape Town hadi Karoo: sungura wa kuuawa na sungura wa kulindwa

Maelezo haya yametokana na daftari na picha, yamepangwa baada ya kurudi Dar. Bei ni za Septemba 2025, randi moja ikiwa kama shilingi 140 za Tanzania au shilingi 7 na ushee za Kenya. Njia iliyofuatwa ni ya mzunguko: Cape Town, Barabara ya 62, Laingsburg, Beaufort West, Loxton, Deelfontein, kisha kurudi kwa barabara kuu ya N1. Nia ilikuwa kuona, ndani ya nchi moja, Afrika Kusini, sungura wa Kisiwa cha Robben anayewindwa kwa sababu wamezidi, na sungura wa mtoni wa Karoo, nyanda kavu za bara, anayelindwa kwa sababu karibu wanaisha.

Jumatatu, Cape Town: hakuna boti

Boti za Kisiwa cha Robben huondoka Nelson Mandela Gateway pale V&A Waterfront, kwa kawaida saa tatu, saa tano, saa saba na saa tisa mchana. Tiketi ya mgeni ni kama randi 600. Upepo wa siku hiyo ulifuta zote. Ukikatiwa safari hivi unahamishiwa siku nyingine yenye nafasi, kwa hiyo kisiwa kiweke mwanzoni mwa ratiba na siku inayofuata iache wazi. Anayekiweka siku ya mwisho kabla ya ndege anacheza kamari na bahari.

Mchana ulipotea Bo-Kaap, na haukupotea bure. Sambusa, mchuzi wa kondoo na vile vitumbua vyao vya viungo vilivyoviringishwa kwenye nazi: randi 140 kwa mtu, chakula halali. Mama wa dukani aliposikia mvua inakuja alikataa wageni wake watembee, akamwita mwanawe awafikishe hadi kituo cha basi, na hela ya petroli akaikataa pia.

Jumanne, Kisiwa cha Robben

Boti huchukua chini ya saa moja. Kisiwa ni kidogo, kama kilomita tano za mraba, na watalii huzungushwa kwa basi kisha hupelekwa kwenye gereza la zamani alimofungwa Nelson Mandela. Ziara yote, pamoja na boti, ni saa tatu na nusu hivi. Kaa dirishani upande wa vichaka, si upande wa bahari.

Sungura wa hapa waliletwa na Waholanzi wa Jan van Riebeeck, mwanzilishi wa makazi ya Cape, katika miaka ya 1650, ili meli zinazopita zipate nyama. Ni sungura wa Ulaya, Oryctolagus cuniculus, yule yule aliyezaa aina zote tunazofuga kwenye vizimba Kenya na Tanzania, awe mweupe wa New Zealand au California mwenye masikio meusi. Kisiwani hakuna mbweha wala simbamangu. Jike hubeba mimba siku 30 hivi na anaweza kupandwa tena muda mfupi baada ya kuzaa. Chakula kikiwepo, jike mmoja hutoa watoto 20 hadi 30 kwa mwaka, nao wanaanza kuzaa kabla hawajatimiza nusu mwaka.

Matokeo yalionekana wazi kufikia 2008. Idadi iliyotajwa sana wakati ule ni sungura 25,000, yaani kama 50 kwa kila hekta. Majani yaliisha, sungura wakawa wanakufa kwa njaa, na mashimo yao yakawa yanachimba chini ya misingi ya majengo ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999. Vichaka wanavyovitafuna ndivyo pia kivuli cha pengwini wa Afrika wanaoatamia hapo, na ndege huyo tangu 2024 yumo kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ikaamuliwa wapigwe risasi, usiku, kwa tochi kali. Kelele za wapenda wanyama zilikuwa nyingi.

Anayetaka kuelewa kwa nini kazi hii hurudiwa rudiwa, ahesabu hivi. Ukiua tisa katika kila kumi, yule wa kumi anabaki na chakula cha kumi. Anazaa vizuri kuliko awali na watoto wake wanapona kuliko awali. Kwa hiyo msako wa kisiwa una masharti mawili: uanze mwisho wa kiangazi kabla mvua za baridi hazijaotesha majani (Cape mvua huja kuanzia Mei), na usisimame mpaka wa mwisho apatikane. Kupunguza tu ni kulipia risasi kila mwaka. Kisiwa cha Macquarie, cha Australia, kilifuata njia ndefu: virusi vya myxoma vinavyoua sungura kuanzia 1978, paka wakaondolewa hadi 2000, sungura wakafumuka tena, mimea ya mteremkoni ikaisha. Mwaka 2011 wakatumia virusi vingine, sumu iliyomwagwa na helikopta, halafu mbwa na wawindaji wa kufuatilia waliobaki. Kilitangazwa huru 2014. Waliobaki wachache ndio walikula muda na fedha.

Kutoka dirishani mwa basi tuliona swala wachache, kanga, kobe mmoja, na sungura wawili tu karibu na machimbo ya chokaa. Alama zao ni rahisi zaidi kuzisoma: vichaka vimekatwa sawasawa hadi urefu wa goti, juu majani, chini vijiti vitupu.

Na bado sungura huyu huyu, kwao Hispania na Ureno, aliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya walio hatarini. Magonjwa yamempunguza, na linksi (paka wa porini) na tai wa kule wanamtegemea kwa chakula. Wakulima wa ngano wa sehemu nyingine za Hispania hiyo hiyo wanalia kwamba anawamaliza. Adui au hazina hutegemea yuko upande gani wa uzio.

Jumatano, Barabara ya 62

Gari dogo la kukodi lilikuwa randi 480 kwa siku, na amana juu yake. Soma mkataba: bima nyingi hazigusi matairi, kioo wala chini ya gari ukiwa kwenye changarawe, na Karoo ni changarawe. Lipia nyongeza ya matairi na kioo, kisha fungua buti ukague tairi la akiba hapo hapo ofisini. Letu halikuwa na upepo, na mfanyakazi alilijaza bila kinyongo.

N1 hadi Worcester kupitia handaki la Huguenot (ushuru kama randi 50), kisha Robertson, Montagu, Barrydale. Kilomita 240 za kupendeza, milima imekunjamana kama kitambaa. Kati ya Montagu na Barrydale lipo Sanbona, hifadhi ya watu binafsi yenye sungura wa mtoni. Kulala humo ni maelfu ya randi kwa usiku, kwa hiyo tulipita. Kusini huku, Karoo Ndogo, hawakujulikana kuwepo hadi mwaka 2003. Kabla ya hapo wote walidhaniwa wako kaskazini tu.

Chumba Barrydale randi 650, na kifungua kinywa cha mayai, soseji na mkate uliochomwa juu ya makaa.

Alhamisi, Ladismith hadi Beaufort West

Ladismith kwenda Laingsburg, R323, ni lami kwa kipande na changarawe kwa kipande. Punguza upepo wa matairi hadi bar 1.8, usizidi kilomita 80 kwa saa, na ukikutana na lori simama pembeni mawe yapite.

Laingsburg ni pa kusimama kwa sababu inaeleza jambo lote. Tarehe 25 Januari 1981 mto Buffels, ambao siku nyingi ni mchanga mkavu, ulishuka na kuzoa mji, wakafa watu zaidi ya 100. Mito ya Karoo ndivyo ilivyo: miaka mikavu, halafu siku moja ya ghadhabu. Kila mafuriko hutandaza kando ya mto tabaka la udongo mlaini, mwororo kama unga wa muhogo, na ni ndani ya udongo huo tu sungura wa mtoni anapochimba. Mlimani ni mwamba na bondeni kwingine ni kokoto. Kwa hiyo makazi yake si "Karoo" kwa ujumla, ni utepe mwembamba kando ya mito ya msimu, mahali pengine haufiki mita 200 upana.

Laingsburg hadi Beaufort West, kilomita 200 za N1, ni malori tu.

Mjini Beaufort West tairi la nyuma lilikuwa limelala. Fundi wa pancha, kijana aliyetoka Uvira, Kongo, alisikia lugha kabla ya kuuliza shida. "Ndugu zangu, munatoka wapi? Dar? Karibuni, mukae." Aliziba kwa randi 80, akatuonyesha ufa mwingine ukutani mwa tairi, akasema lisipande changarawe tena. Tulihamishia la akiba na kununua lililotumika kwa randi 550. Ushauri wake ndio uliookoa siku iliyofuata.

Ijumaa, Loxton kwa njia ya Molteno

R381 hupanda mlima wa Nuweveld kwa changarawe, kona kali, kama kilomita 120 hadi Loxton. Jaza tanki Beaufort West, chukua lita tano za maji kwa kila mtu, pakua ramani kabla mtandao haujakatika. Saa tatu na nusu kwa mwendo wa upole.

Loxton ni kijiji cha kanisa la mawe, mitaa mipana ya vumbi na mifereji inayopeleka maji kwenye bustani kwa zamu. Duka moja, mgahawa mmoja. Mbavu za kondoo wa Karoo, viazi na boga tamu: randi 180. Ladha ya nyama inatokana na vichaka vyenye chumvi ambavyo kondoo hula, na baadhi ya vichaka hivyo, jamii ya Salsola, ndiyo pia chakula cha sungura. Hapo ndipo ugomvi ulipo, ingawa hakuna anayegombana kwa sauti.

Jumamosi, mtoni

Huwezi kuingia tu. Ardhi karibu yote ni ya wafugaji, na ruhusa huombwa kwa simu siku chache kabla. Mwenye shamba aliyetupokea, mzee wa maneno machache, alitoa masharti matatu: geti lililokutwa limefungwa liachwe limefungwa na lililokutwa wazi liachwe wazi, mbwa hakuna, kutoka nje ya njia ya gari hakuna. Halafu akatukabidhi birika la kahawa na mfuko wa mikate mikavu ya kuchovya.

Sungura wa mtoni, Bunolagus monticularis, ni mnyama wa usiku na wa peke yake. Mchana hulala kwenye kitanda kifupi chini ya kichaka. Uzito wake ni kilo moja na nusu hadi karibu mbili. Jike huchimba shimo fupi la sentimita 20 hadi 30, mwisho wake pana kidogo, analitandika manyoya yake na nyasi, anazaa mtoto mmoja, mara nyingine wawili, kipofu asiye na manyoya, kisha anaziba mlango kwa udongo na kurudi usiku kunyonyesha. Mimba ni siku 35 hivi. Maisha yake yote huenda asitoe zaidi ya watoto wanne. Weka hesabu hiyo kando ya ile ya kisiwani na utaona kwa nini shamba moja lililolimwa linatosha kumaliza ukoo.

Kulima ndiko kulikomwangusha kwanza. Udongo wa mafuriko ndio pekee unaofaa ngano na lusini (majani ya kulisha mifugo), na katika miaka mia iliyopita zaidi ya theluthi mbili ya makazi yake yalilimwa au kuharibika. Yaliyobaki yamekatwakatwa na mabwawa, uzio na malisho yaliyozidi. Ongeza mbwa, mitego ya chuma inayotegwa kwa ajili ya mbweha, na magari ya usiku.

Namna ya kumtambua, maana Karoo ina jamaa zake kadhaa na wageni wengi huondoka na picha ya mwingine:

Tazama shavu kwanza. Wa mtoni ana mstari mweusi kutoka pembe ya mdomo kufuata taya hadi chini ya sikio, kama anatabasamu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Mkia wake ni wa kahawia, mnene kama sufu. Ukiona mkia mweusi juu na mweupe chini, huyo ni yule wa mbio wa porini, Lepus, ambaye watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi na hachimbi shimo. Ukiona mkia mwekundu mnene na mnyama yuko juu ya mawe, ni sungura wa miamba. Miguu ya nyuma ya wa mtoni ni mipana, na huonekana mifupi ikilinganishwa na ya Lepus.

Usitegemee macho. Kazi hufanywa na kamera zinazojiwasha mnyama akipita, na yafuatayo tuliyaona yakifanyika. Kamera hufungwa kwenye nondo, si kwenye kichaka, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, mita mbili au tatu kutoka kijia kinachopita kati ya vichaka viwili. Lenzi huelekezwa kusini, kwa kuwa upande huu wa dunia jua hukaa kaskazini na litaunguza picha za asubuhi na jioni. Majani yote mbele hukatwa hadi mita tatu. Asiyefanya hivyo hurudi baada ya wiki mbili na kukuta picha elfu kadhaa za tawi likipepea na betri zimekwisha. Picha tatu kwa kila tukio zinatosha, kwa sababu ya kwanza mara nyingi ni masikio tu. Kondoo hupenda kujikuna kwenye nondo na kuigeuza, kwa hiyo huchimbiwa nusu mita. Kadi tuliyoonyeshwa ilikuwa na nungunungu, kondoo, kondoo, Lepus, kondoo, na saa kumi na dakika tano alfajiri, sungura mmoja aliyegeuza shavu: mstari mweusi ulionekana kama umechorwa kwa kalamu.

Shirika la Endangered Wildlife Trust limefanya kazi na wafugaji wa eneo hili kwa miaka mingi, pamoja na mbwa aliyefunzwa kunusa sungura wa mtoni bila kumgusa. Upandaji upya wa vichaka ni wa polepole. Udongo ukishavuliwa majani hufanya gamba gumu, maji hayaingii, mbegu huviringika na upepo. Kwanza gamba huvunjwa kwa vishimo, matawi ya miiba hulazwa juu ili kondoo wasikanyage, ndipo miche hupandwa, na ikikosekana mvua mwaka wa kwanza unaanza upya. Kufuga kifungoni kulijaribiwa kwenye kituo cha wanyama cha De Wildt mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakukuacha kundi la kutegemewa. Kwa maoni yetu uzio wa kondoo kando ya mto una faida kuliko kizimba chochote.

Jumapili, Victoria West na Deelfontein

R63 hadi Victoria West, kama kilomita 80. Kaskazini mashariki zaidi, kwa changarawe, ni Deelfontein, kituo cha reli ambacho mwaka 1900 kilijengewa hospitali kubwa ya Waingereza wa vita vya Makaburu. Leo ni magofu na makaburi. Katika eneo hilo Claude Grant aliwakamata sungura wa kwanza waliofika makumbusho ya London, na mwaka 1903 Oldfield Thomas akawapa jina lenye maana ya mlimani, mahali wasipokaa. Grant huyu baadaye alikuja kuwa ofisa wa utawala Tanganyika. Jina la mlimani liliwapoteza watafutaji wengi. Guy Shortridge, mtu wa makumbusho ya huko huko Afrika Kusini, alitangaza zawadi ya pauni moja kwa kila atakayemleta, na ilibidi kusubiri hadi 1947 ndipo wengine wapatikane, tena Calvinia, mbali na hapo. Halafu kimya hadi 1979, walipoonekana wilaya ya Victoria West. Mwaka 2018 wakapatikana hata Baviaanskloof, mashariki kabisa, baada ya mmoja kugongwa na gari.

Hakuna maji, duka wala mafuta Deelfontein. Fika mchana, ondoka mchana.

Jumatatu, N1 kurudi Cape Town

Kilomita 600 na zaidi. Dizeli ya malori, mikate ya nyama kwa randi 35, vyoo safi kwenye vituo vikubwa.

Jambo la mwisho kwa wanaokwenda, na kwa wafugaji wa sungura nyumbani. Novemba 2022 Afrika Kusini ilithibitisha ugonjwa wa kuvuja damu wa sungura, RHD, ndani ya Karoo hiyo hiyo, kwa wa kufugwa na kwa wa porini. Asili yake ni ugonjwa wa sungura wa Ulaya, na virusi vya jamii hiyo ndivyo Australia ilivyovitumia dhidi ya wale waliotokana na sungura 24 walioachiwa na Thomas Austin mwaka 1859. Virusi hukaa muda mrefu kwenye mzoga, viatu, majani ya chakula na miguu ya nzi. Kwa hiyo: sugua viatu na matairi kwa brashi na sabuni kabla ya kuingia shamba jingine, kisha pulizia dawa yenye klorini. Usibebe majani makavu ya njiani. Ukikuta sungura aliyekufa bila jeraha, hasa mwenye damu puani, usimshike. Piga picha ya shavu, ya mkia na ya mahali, andika namba ya barabara na kilomita kutoka mji wa karibu, umpigie mwenye shamba au daktari wa mifugo wa serikali siku hiyo hiyo, maana kipimo hutaka ini ambalo halijaoza.